Mwili nao urudi nyumbani



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa kikundi chetu. Tangu azae mtoto wa nne, mgongo unamuuma. Mtu anayejua kazi ya viungo alimfundisha kujinyoosha juu ya mkeka na kupumua polepole, akaanza kulala vizuri. Halafu katika maombi ya usiku akaambiwa kwamba ile ni yoga, ni mlango wa pepo. Akaacha. Maumivu yamerudi, na sasa wenzake wawili hawataki kukaa naye benchi moja. Anauliza: je, nilimwacha Mungu?

Hapana, mama. Na ninyi wawili, mwende kumsalimia.

Yoga ilitoka kwa Wahindi, na kwao inatembea pamoja na dini. Hatulifichi. Lakini wengi hawajui kwamba padri mmoja aliyeandika sana juu ya yoga na sala ya Kikristo aliishi hapa kwetu Katanga. Ni Jean-Marie Déchanet, Mbenedikto wa abasia ya Saint-André ya Bruges, aliyekuwa mkuu wa monasteri ya Kansenia, kule juu ya Tenke, upande wa Biano. Mwaka 1956, mji wetu ukiwa bado unaitwa Jadotville, alitoa kitabu La Voie du silence, yaani Njia ya kimya.

Hakutaka kuwa Mhindu. Alikuwa amesoma sana maandiko ya Guillaume wa Saint-Thierry, mtawa wa karne ya 12, aliyefundisha juu ya uhai wa mwili, akili na roho. Déchanet aliona kwamba katika sala tunapeleka akili peke yake, na mwili unabaki nje ya lupango, unapiga kelele kama mtoto aliyefungiwa mlango. Alichukua mikao na pumzi ili mwili utulie, uingie nao. Dini ya Kihindu aliiacha kwa wenyewe.

Roma nayo ilisema, katika barua ya tarehe 15 Oktoba 1989 iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger. Namna hizi zisitupwe kwa sababu tu hazikutoka kwa Wakristo, lakini zisimfunike Kristo. Tena raha ya mwili uliotulia isihesabiwe kuwa ndiyo Roho Mtakatifu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. (Wamethodisti wetu, najua barua hiyo si sheria kwenu. Isikilizeni kama shauri la jirani.)

Yule mwana mpotevu wa Luka 15, kabla ya kumrudia baba yake, alijirudia kwanza yeye mwenyewe, pale kati ya nguruwe. Mama wa Likasi anajirudia saa ngapi? Anaamka mbele ya jua, maji, makala, soko, bukari. Usiku anapiga magoti, mdomo unasema Baba Yetu, kichwa kinahesabu bei ya unga.

Basi watoto wakilala, tandika kikwembe juu ya mkeka. Lala chali, magoti juu, nyayo chini. Vuta pumzi kwa pua bila haraka. Ukiitoa, sema jina la Yesu moyoni. Dakika kumi, kisha zaburi moja. Mwenye mimba kubwa alale kwa ubavu wa kushoto. Mwenye tansio asizuie pumzi. Mgongo ukizidi kuuma, nenda hospitali. Na mwalimu akikuambia uite jina la mungu mwingine, au akikuuzia nguvu za siri, kunja mkeka wako, uende.

Jumatano tutafanya pamoja mbele ya kufungua Biblia. Kila mmoja alete mkeka. Mama wa swali amekubali kutuonyesha lile zoezi la magoti.