Ghorofa Haifanyi Mji

Mhubiri mmoja alisimama kwenye harambee ya kanisa hapa Kangeta, akanyoosha kidole juu ya hema hadi kwenye safu ya majengo yaliyo kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, akatangaza kwamba Bwana ameuinua mji huu. Ushahidi wake? "Hesabuni ghorofa!" Watu wakapiga makofi. Nilinyamaza kwa heshima ya madhabahu, lakini gazeti halina madhabahu. Katika Biblia ile ile aliyoishika mkononi, watu wa kwanza kujisifia mnara waliishia kutoelewana lugha na kutawanyika.

Imani hii kwamba ghorofa ndiyo maendeleo imetukaa vichwani hata hatuulizi tena. Mtu akipata bei nzuri ya miraa, jambo la kwanza ni kumwaga mchanga na kokoto mbele ya ploti, nusu barabarani. Mwaka ukiisha, jengo limesimama: vioo vya buluu, vigae vinavyong'aa, na nondo zilizochomoza juu ya paa zikisubiri ghorofa nyingine ambayo huenda ikaja, huenda isije. Sasa zunguka nyuma. Huko utakuta mawe yasiyopigwa plasta, bomba linalomwaga maji machafu uchochoroni, na kijana anayepandisha mitungi ya maji ngazi kwa ngazi kwa sababu mifereji ya juu ni mapambo.

Basi niseme langu, na nitalirudia mpaka wenye ploti wanichoke: mji uko chini. Mji ni pale mguu unapokanyaga. Ni mahali pa kupita bila kugongwa, mahali pa kujikinga mvua, mtaro unaopitisha maji, choo ambacho mama wa sokoni anaweza kuingia bila kubembeleza mtu. Hayo yakiwapo, hata nyumba za mabati ni mji. Yasipokuwapo, panga ghorofa kumi, bado ni kijiji kilichobebana mgongoni.

Hasa hapa kwetu. Jina la Kangeta limefika Eastleigh na Mombasa kwa sababu ya miraa, na miraa ni kazi ya chini. Nenda saa za mchana ukatazame. Wamama na vijana wameketi juu ya magunia, wanachambua vijiti, wanavipanga kwa urefu, wanafunga vifungu vidogo viitwavyo surba, kisha wanavikusanya kuwa mabunda na kuyaviringisha kwa majani ya mgomba yasinyauke. Pickup zinanguruma, madereva wanatazama saa, maana mzigo wa Mogadishu lazima uwahi ndege Nairobi, na mmea huu ukilala siku mbili ni kuni. Hakuna hata surba moja inayofungwa ghorofa ya nne. Fedha zote zilizojenga ghorofa hizo zilichumwa na watu waliokaa chini, na watu hao ndio tuliowanyima pa kukaa. Wako kwenye ukingo wa lami, kati ya bodaboda na mtaro uliojaa majani. Mvua ikinyesha wanakimbilia jengo jipya, wanakuta mlango wa kioo umesogezwa hadi mwisho wa ploti, vigae vinateleza, na askari amewekwa mlangoni kuwafukuza.

Yale maduka ya zamani ya mbao na mabati tunayoyaonea aibu hayakuwa hivyo. Yalikuwa na veranda yenye nguzo mbele. Chini yake fundi cherehani aliweka mashine, mzee akaegemea fimbo yake, mtoto akangoja matatu akiwa mkavu. Hakuna aliyelipia veranda ile. Tuliibomoa tukapata futi tano za kupangisha wakala wa M-Pesa.

Na asiniambie mtu kwamba ghorofa na veranda haviwezi kukaa pamoja. Waswahili wa Lamu walijenga ghorofa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi kabla hatujaijua saruji, na mlangoni wakaweka baraza, kiti cha mawe cha mwenyeji na mpita njia. UNESCO ikauweka mji huo wa kale katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Haukuwekwa kwa wingi wa vioo.

Wapo wanaonijibu. Kijana mmoja aliniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba nikiuona mji kwa drone, kutoka juu, nitabadili mawazo. Naam. Kunguru wa Kangeta wana bahati, mji umepangwa kwa ajili yao. Mwingine akasema wageni kutoka Nairobi watatuheshimu. Mgeni huyo huyo atashuka kwenye matatu, aulize choo, aonyeshwe kichaka.

Kuna wanaoota kwamba ghorofa zikizidi tutapewa hadhi. Wasome Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019. Mji unahitaji wakazi wasiopungua 10,000, manispaa 50,000, jiji 250,000, na jedwali lake linataja huduma: maji, mitaro ya mvua, taka, taa za barabarani, zima moto, makaburi. Makaburi yamo! Idadi ya ghorofa haimo. Nakuru, ambayo kwa miaka mingi ilizuia majengo marefu kwa hofu ya mitetemeko ya ardhi, ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021.

Mtauliza kaunti iko wapi. Kaunti ilikuwa na shughuli. Bunge letu la Meru lilipiga kura ya kumtimua gavana yule yule mara tatu, 2022, 2023 na 2024, hadi Seneti ikakubali Agosti 2024. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba kwa muda uliotumika kusafirisha mashahidi na mawakili hadi Nairobi na kurudi, mtu angechimba mtaro kutoka hapa hadi Maua kwa jembe la mkono.

Hata hao wenye majengo hawafaidi wanavyodhani. Anayeamua bei ya miraa hapa ni soko la nje. Uingereza ilipopiga miraa marufuku Juni 2014, na Somalia ilipofunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, mafundi wa ujenzi wa ukanda huu walijua kabla ya magazeti. Ghorofa za juu hubaki na vibao vya kupangisha na popo. Ya chini haikosi mpangaji. Soko lenyewe linatuambia mji uko wapi, tunaziba masikio.

Shangazi yangu ana magoti mabaya. Aliitwa kutia sahihi karatasi katika ofisi moja iliyo ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti wala kishikio cha ngazi. Akafika ngazi ya saba, akakaa. Mwishowe karani aliteremka na kidau cha wino, na mama wa watu akatia kidole gumba juu ya boneti ya pickup, katikati ya vumbi na honi. Huyo ndiye aliyeinuliwa na Bwana?

Wala sijagusa yanayoanguka. Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa lililokuwa ukingoni mwa mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka kwenye mvua likaua watu wapatao 50, na lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, Dar es Salaam. Kanuni mpya ya ujenzi ya kitaifa ilianza kutumika Kenya Machi 2025. Tutaona kama itafika huku kabla ya nondo.

Kwa hiyo namwomba mwakilishi wadi wa Kangeta aibane kaunti kwa jambo moja tu: asipitishiwe mtu ramani ya ghorofa nyingine kabla hajaonyesha, pale chini, veranda ya hatua tatu, mtaro unaoelekea mahali, na choo ambacho mteja anaweza kuingia bila kuomba ufunguo. Na wewe mwenye ploti, ukinialika kwenye uzinduzi, usinipandishe paani kuona mandhari. Nionyeshe choo.