KASUKU 'MPOLE' ASIKUINGIZE MJINI

Nipo hapa hapa Kariakoo nabanana na jua, vumbi na mikokoteni. Wiki hii tuache kidogo mambo ya wachumba na madeni ya saluni, tuzungumze habari ya ndege.

Kisa ni dada mmoja wa Gerezani. Ananiambia hivi: "Kaka, nimepanga chumba peke yangu. Nikirudi kazini usiku nakutana na kuta nne tu. Nataka kufuga kasuku, lakini awe mpole, asiyeuma wala kupiga makelele, maana mama mwenye nyumba wangu ni kasheshe. Nichukue yupi?"

Dada'ngu, swali lako limenigusa pabaya, maana hata mimi nilishawahi kutafuta kasuku mpole. Nilimpata, tena mpole kupita kiasi. Kaa mkao wa kula nikupe mkasa mzima.

Ilikuwa jioni, nakatiza Mtaa wa Msimbazi kuelekea geto. Nikakutana na kijana kashika tundu la waya, ndani kuna ndege watano wa kijani, wale kasuku wadogo wanaoitwa lavubedi. Wanne walikuwa wamejibana kwenye kona ya mbali, wanarukiana na kupiga kelele kila mtu akisogea. Wa tano alikuwa katulia peke yake, manyoya kayatutumua kama mpira, macho nusu yamefumba.

"Bro, huyu ndiye mpole kuliko wote," yule kijana akanichombeza. "Mshike uone, haumi huyu."

Nikaingiza kidole. Kweli bwana, hakuuma! Nikaona nimepata dili. Nikatoa mkwanja unaokaribia kodi ya mwezi, nikaondoka na tundu langu najiona mtoto wa mjini. Nyumbani nikampa jina la Profesa, kwa jinsi alivyokuwa akisinzia kama anawaza mambo mazito. Mtoto wa jirani, wa miaka sita hivi, akajipa kazi ya kumletea punje za mtama kila akitoka shule.

Profesa hakula. Siku ya nne asubuhi nikamkuta chini ya tundu, miguu juu. Yule mtoto akaja na mtama wake kiganjani, akaniuliza: "Anko, bado amelala?"

Msomaji, mimi ni mtu wa maneno, ndiyo kazi yangu. Siku hiyo sikuwa na neno.

Baadaye nilimsimulia daktari wa mifugo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Kijana, yule hakuwa mpole. Alikuwa anakufa."

Hapo ndipo nilipopata elimu ambayo leo nakupa bure. Ndege huficha ugonjwa. Porini ukionyesha udhaifu unaliwa, kwa hiyo ndege hujikaza mpaka anaishiwa nguvu kabisa. Ukimwona katutumua manyoya mchana wa jua kali, anasinzia, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, ujue mambo yamekwisha haribika. Hao wanne waliojibana kwenye kona nao hawakuwa wakorofi. Walikuwa na hofu, kwa sababu ni ndege wa porini, walionaswa kwa ulimbo au nyavu, wakasafirishwa wamebanana, leo wako katikati ya honi za Kariakoo.

Na hao lavubedi ni wa kwetu, msomaji. Tanzania tunao wa aina zaidi ya moja. Kuna wa Fischer, wa upande wa Serengeti na mikoa ya kusini mwa Ziwa Victoria. Huyo uso na kifua amepaka rangi ya chungwa iliyokolea, mdomo mwekundu, mwili kijani. Wa pili ni yule wa nyanda kavu za katikati, upande wa Dodoma: kichwa cheusi, shingo ya njano, mwili kijani. Yaani huyo kazaliwa na jezi ya Jangwani kabisa, ukimfuga hapa Msimbazi wana Simba watakuhamisha mtaa!

Utani pembeni. Miaka ya 1980 ndege hawa wa Fischer walikuwa wakisafirishwa kutoka hapa kwenda ng'ambo kwa maelfu na maelfu, mpaka wataalamu wakaanza kuhofia watakwisha porini. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kupeleka nje wanyamapori hai. Na usidhani kwamba ukimfuga hapa hapa nchini basi uko salama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyamapori kuwa nyara, awe hai au mfu, na kukutwa naye bila kibali ni kesi yenye faini na jela. Yule kijana wa Msimbazi hakunipa kibali, alinipa tundu tu. Mimi nilikuwa mhalifu na sikujua.

"Sasa vipi kuhusu yule kasuku mkubwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, anayeongea?" Najua unataka kuniuliza. Huyo ni kichwa! Huko Marekani mwanasayansi Irene Pepperberg alimfundisha mmoja aitwaye Alex, akajua majina ya vitu, rangi na hesabu ndogo ndogo. Alex alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31. Lakini akili hiyo ndiyo balaa yake. Ukimwacha peke yake kutwa nzima anachanganyikiwa, anajinyonyoa manyoya mwenyewe mpaka anabaki kama kuku wa supu. Anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, yaani utamwoza mtoto wako kasuku yupo. Halafu tangu mwaka 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES umepiga marufuku biashara ya kasuku hao wanaokamatwa porini. Dada wa Gerezani, huyo si wa chumba kimoja.

Haya, sasa jibu lenyewe. Kama unataka upole wa kweli, mtafute kokatieli. Asili yake ni Australia, lakini wanaofugwa duniani ni wale waliozaliwa kwenye matundu, vizazi na vizazi, wamemzoea binadamu. Ana kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa kama kapaka poda. Kishungi ndicho kinachokueleza hali yake: kikisimama wima kashtuka, kikilala kidogo katulia. Hana mdomo wa kukutoa damu kama wakubwa zake, na hapigi kelele za kumwamsha mama mwenye nyumba. Dume anapiga mluzi, jike ni kimya zaidi. Kuongea anaongea kiduchu, usitegemee atakuitia teksi. Akitunzwa anafika miaka 15 mpaka 20.

Kama mfuko umetoboka, kuna baji, yule mdogo wa rangi za kijani, njano au bluu, naye wa Australia. Ni mchangamfu, anakula kidogo, anaishi miaka 5 mpaka 10. Ila mchukue na mwenzake, ndege wa namna hii upweke unamuua. Wote wawili, kokatieli na baji, hawamo kwenye orodha za CITES. Hata hivyo, kabla hujatoa hela pitia ofisi za TAWA uulize utaratibu wa kufuga. Kuuliza si ujinga.

Ukienda kununua, usifanye haraka kama mimi. Mwendee mfugaji anayewazalisha mwenyewe, umwone mama na baba wa ndege. Angalia mguuni: pete iliyofungwa kabisa, isiyo na mwanya, huvalishwa kifaranga akiwa na siku chache tu, kwa hiyo ni dalili nzuri kuwa hakunaswa porini. Tazama macho yawe maangavu, pua kavu, na manyoya ya nyuma chini ya mkia yawe safi. Halafu simama kimya dakika kumi. Ndege mpole wa kweli anakula mbele yako, anakuchungulia, anasogea. Anayekuogopa anakimbilia kona. Anayeumwa hana habari na wewe. Huyo wa mwisho ndiye watakayekuuzia kwa jina la mpole!

Na chumba chako kikoje? Mapafu ya ndege ni mepesi mno. Moshi wa jiko la mkaa kwenye korido, dawa ya kupuliza mbu, sigara, vyote ni sumu kwake. Kikaango kile kisichoshika chakula kikiunguzwa kinatoa hewa inayoweza kumuua ndege kwa dakika chache. Chakula mpe mtama, uwele, mchicha uliooshwa, alizeti kidogo tu. Mwekee ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaotupwa na bahari ufukweni, aunyonyoe kwa mdomo apate chokaa. Parapachichi usimpe kabisa, wala chokoleti, wala chumvi. Na wewe nawa mikono ukishasafisha tundu, maana kuna homa inayotoka kwa kasuku kuja kwa binadamu.

Mwisho, dada'ngu, nikuulize kama kaka. Unatoka kazini saa ngapi? Kama ni saa nne usiku kila siku, ujue kwamba upweke unaoukimbia wewe utakuwa umemhamishia kiumbe kingine ambacho hakina simu ya kumpigia mtu. Kokatieli anahitaji angalau saa moja au mbili nje ya tundu kila siku, yuko na wewe begani. Kama huna saa hiyo, subiri. Mwaga punje dirishani, shorewanda watakuja wenyewe, bure, bila kibali wala tundu.

Mimi ndivyo ninavyofanya. Kile kiganja cha mtama cha mtoto wa jirani sasa kinamwagwa dirishani kwangu kila jioni. Wanakuja kumi, kumi na tano, wanapigana, wanaondoka. Hakuna hata mmoja mpole, na tangu hapo mtoto hajaniuliza tena kama kuna aliyelala.

Haya, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na ukipita Msimbazi ukaambiwa "huyu haumi", kaza mwendo!