UKUBWA NI JAA: WAKUBWA WA SHULE NA WAGENI WAO

Kila mwanzo wa mwaka maduka ya River Road, katika jiji la Nairobi, hujaa wazazi na watoto wanaonunua masanduku ya chuma, kufuli, ndoo, blanketi na magodoro. Ni siku za furaha, maana mtoto amefaulu na ameitwa shule ya bweni. Mzazi hukagua kila kitu kilichoandikwa katika barua ya shule, akakitia alama, akafunga sanduku. Kisha hushika safari kuelekea magharibi ya jiji, kupitia Westlands, Kangemi na Uthiru mpaka Kikuyu, au kwa njia ya Ngong mpaka Lenana. Lakini kuna jambo moja lisiloandikwa katika barua hiyo, wala haliuzwi dukani, nalo ni mtu atakayempokea mtoto baada ya mzazi kugeuka kurudi nyumbani.

Mwalimu humwandikisha mgeni, akapokea karo, akamwonyesha kitanda. Hata hivyo, usiku uingiapo, walimu huenda majumbani mwao na mtoto hubaki na wanafunzi wenziwe. Ni wao watakaomwonyesha bomba la maji, na kumweleza kengele ya kwanza hulia saa ngapi na ya pili ina maana gani. Ni wao watakaojua kwamba hakula chakula cha jioni, au kwamba alilia chini ya blanketi. Simu hana. Mlezi wake wa usiku ule ni kijana wa miaka 17, ambaye juzi tu alikuwa mgeni vile vile. Akiwa kijana huyo ni mwema, mtoto atalala. Akiwa mwovu, karo yote iliyolipwa haitamnunulia mtoto usingizi.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mgeni hana budi kukirimiwa kwanza, apate kuijua nyumba na watu wake. La pili ni kwamba jembe atakalopewa ni la kulima shamba la wote, naye ale mavuno pamoja na wenyeji. Katika mabweni mabaya mafunzo yote mawili huvunjwa. Mgeni hupewa jembe usiku ule ule wa kufika, na shamba analolimishwa ni la mtu mmoja: kumfulia mkubwa soksi, kumtandikia kitanda, kumpa mkate wake na sukari yake.

Yafaa ijulikane desturi hii ilitoka wapi. Huko Uingereza, Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya Rugby mwaka 1828, aliwatwika wanafunzi wa darasa la juu kabisa wajibu wa kulinda adabu ya shule nzima. Nia yake ilikuwa kuwafunza vijana kubeba madaraka kabla ya kutoka ulimwenguni. Lakini katika shule za namna hiyo palikuwa pia na mazoea ya mdogo kumtumikia mkubwa kama mtumishi wa nyumbani. Mfano wa shule hizo ulifika Nairobi pamoja na wenyewe. Mwaka 1931 ilifunguliwa Prince of Wales School, ambayo sasa ni Shule ya Nairobi, na mwaka 1949 ikafuata Duke of York School, ambayo sasa ni Shule ya Lenana, zote mbili kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti kwa ajili ya Waafrika, nayo ilikuwa na viranja wake. Baadaye ubaguzi wa rangi uliondolewa shuleni, lakini kiranja alibaki, na pamoja naye zikabaki sura zake zote mbili, ya mlezi na ya bwana.

Haja ya mlezi yaonekana wazi katika habari za marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 2012, zenye jina In the House of the Interpreter, aeleza jinsi alivyorudi nyumbani mwisho wa muhula wake wa kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Kijana aliyebeba mzigo wa namna hiyo huvaa sare sawa na wenziwe, akaketi darasani sawa na wenziwe. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini mbele yake huenda asitambue lolote. Anayeweza kutambua ni yule alalaye kitanda cha pili. Hata leo wapo watoto wanaofika bwenini wakiwa wametoka katika matanga, au katika nyumba ambayo kodi yake haikulipwa, na hawasemi neno.

Sura ya pili ya kiranja yajulikana sana. Katika shule nyingi za Kenya mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa "mono", wala jina hilo halikuwa la heshima. Aliyeonewa mwaka wa kwanza alingoja zamu yake ya kuonea, akaiita haki yake. Kwa njia hiyo deni la uonevu lilipita kutoka darasa hadi darasa, likilipwa na wasiokopa.

Na mamlaka isiyo na ulezi huwa hatari hata kwa mwenye kuishika. Nchi nzima ilistuka mwaka 1999, wakati viranja wanne wa shule ya sekondari ya wavulana ya Nyeri walipofungiwa ndani ya chumba chao usiku, wakachomwa moto na wanafunzi wenzao, wakafa. Hakuna kosa la kiranja liwezalo kuhalalisha uuaji, wala neno hili lisitafutiwe udhuru. Lakini kila mwenye akili aliona kwamba kijana akiwekwa peke yake kati ya walimu na wanafunzi, akapewa amri tupu bila kupewa njia ya kupendwa, amewekwa mahali pa hatari.

Yapo yaliyorekebishwa. Mwaka 2009 lilianzishwa baraza la wanafunzi wa shule za sekondari nchini, ili wanafunzi wachague viongozi wao wenyewe badala ya kuteuliwa na walimu peke yao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, ilikataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa kwa namna yoyote, ya mwili au ya moyo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria ni ukuta mwema. Lakini ukuta humzuia mwizi tu, haumkaribishi mgeni.

Kwa habari ya kumkaribisha mgeni, mfano mmoja haupo mbali na katikati ya jiji. Starehe Boys' Centre ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ikianza na vibanda viwili vya mabati kwa ajili ya wavulana wasio na makao. Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005. Viranja walikuwapo, tena wenye nguvu, lakini palikuwapo pia na baraza la kila juma, ambamo mvulana yeyote, hata aliyefika jana, aliweza kusimama mbele ya wote akasema malalamiko yake naye akajibiwa. Hivyo mkubwa alijua kwamba atakalotenda bwenini usiku laweza kutajwa mchana mbele ya mkuu wa shule. Haki ya mdogo kusema ndiyo iliyoilinda heshima ya mkubwa.

Jambo hili limepata uzito mpya kwa sababu ya mabadiliko ya elimu. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kikaingia mwaka 2024. Mwaka 2025 hapakuingia wageni kabisa. Januari 2026 wakafika wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, wakawakuta wenyeji wa kidato cha tatu na cha nne, wanaosoma kwa utaratibu wa zamani. Kwa hiyo kidato cha tatu cha mwaka huo kilikuwa hakijapata kupokea mgeni hata mmoja, na wageni waliofika hawakuweza kurithi vitabu wala madaftari ya wakubwa wao. Wako waliodhani kwamba basi mkubwa hana cha kumpa mdogo. Hilo si kweli. Mkubwa hawezi kumpa daftari lake, lakini aweza kumfunza namna ya kugawanya saa za jioni, namna ya kumwuliza mwalimu swali bila haya, na namna ya kuvumilia juma la tatu, ambapo hamu ya nyumbani huuma kuliko siku ya kwanza. Mambo hayo hayabadiliki pamoja na mitaala. Tena, desturi mbaya ilipokatika kwa mwaka mzima, ilikuwa nafasi njema ya kuizika.

Basi yafaa yatendwe mambo matatu. Kwanza, kila mgeni apewe mkubwa mmoja ajulikanaye kwa jina, ambaye mwalimu wa bweni atamwuliza habari za mtoto huyo kila juma katika muhula wa kwanza. Mlezi wa wote si mlezi wa yeyote. Pili, kiranja asipewe ruhusa ya kuadhibu pasipo mwalimu kujua, maana adhabu ya siri ndiyo mbegu ya uonevu. Tatu, mzazi aendapo kumwona mtoto asiulize habari za alama peke yake. Amwulize: nani alikuonyesha bomba la maji? Nani hukueleza hesabu unapokwama? Nawe, wamfulia nani nguo? Mtoto akisita katika swali la tatu, mzazi asiondoke kabla ya kumwona mwalimu mkuu.

Wakubwa wa shule nao wakumbuke neno la wazee, kwamba ukubwa ni jaa. Jaa hupokea kila kitu, wala halimtupii mtu taka. Kijana atakayejifunza katika bweni kuchukua taabu za mdogo wake, pasipo kuzirudisha kwake, amekwisha kujifunza kazi ya mzazi, ya mwajiri na ya chifu, kabla hajapewa cheo hata kimoja.