Nyumbani Mwetu: Kombora Lililorudi Nyuma



Wazazi wengi hulalamika kwamba michezo ya kompyuta huwapotezea watoto wakati. Nami nilikuwa miongoni mwao. Likizo iliyopita binti yetu, mwenye umri wa miaka 14, aliniambia kwamba yeye hachezi mchezo bali anautunga. Sikumsadiki.

Mchezo wenyewe ni wa mizinga miwili iliyotenganishwa na kilima. Wachezaji hupokezana zamu. Kila mmoja huchagua pembe na kasi, hufyatua, kisha humngojea mwenzake. Kompyuta hulisogeza kombora hatua kwa hatua, na kila hatua huipunguza kidogo kasi ya kupanda kwa sababu ya mvutano wa dunia, mpaka kombora lianze kushuka.

Lakini alipoandika nyuzi 45, kombora lilipanda mno. Alipoandika 60, lilirudi nyuma likazama ardhini. Alihangaika siku tatu. Nami, badala ya kumsaidia, nikamwamuru aache upuuzi ashike vitabu. Alizima kompyuta, akalala bila kula.

Kesho yake alitutembelea jirani yetu, sajini aliyetumikia kikosi cha mizinga. Alimsikiliza mtoto, kisha akauliza neno moja tu: “Mwanangu, mashine yako inapima kwa kipimo gani?” Akaeleza kwamba shuleni duara hugawanywa nyuzi 360, lakini wapiga mizinga wa majeshi mengi ya Magharibi huligawa sehemu 6400, na wale wa mtindo wa Kisovieti sehemu 6000. Achanganyaye vipimo hupiga pasipo na adui, au penye wenzake.

Binti yetu alikuwa na nakala ya mchezo wa sokwe warushianao ndizi, uliotolewa na Microsoft mwaka 1991 pamoja na lugha ya QBasic. Maandishi ya programu hiyo yako wazi, mwanafunzi aweza kuyasoma. Humo aliuona mstari unaoigawanya pembe kwa 180 na kuizidisha kwa pai. Kumbe lugha hiyo hupima pembe kwa radiani, na duara zima ni radiani 6.28 tu! Ile 60 yake ilizunguka duara mara tisa na nusu na ushei, ikaelekea nyuma. Aliongeza mstari mmoja, na kombora likavuka kilima.

Mimi nina cheti cha ualimu, na pembe nimezifundisha ubaoni. Hata hivyo nilikemea kabla ya kuuliza. Nilimwomba radhi mwanangu.

Mzazi atakaye mwanawe ajifunze kazi hii, na amwanzishe kwa mzinga mmoja katika uwanja tambarare. Zamu, kilima na upepo vifuate baadaye, kimoja kimoja. Na mtoto akikosea, tukae naye tuulize kwanza kipimo.

Jioni ile tulicheza michezo mitatu. Alinishinda yote.