Binamu, Hukuibiwa Leni

Wasee, binamu yangu ako Los Angeles na amekasirika vibaya. Mwaka 2023 alinunua haibridi ya plagi, ile unachaji kwa soketi na bado ina tangi la petroli. Aliongeza karibu dola 3,000 juu ya bei ya gari la kawaida alilokuwa amelipenda. Sababu? Stika. California ilikuwa inakupa stika ya kubandika, kisha unaingia leni iliyotengewa magari yenye abiria ukiwa peke yako, unapita jam kama mheshimiwa. Ukiingia huko peke yako bila stika, faini inaanzia dola 490.

Tarehe 30 Septemba 2025 stika zote zikafa, kwa sababu Bunge la Washington halikuongeza muda. Mkopo wa gari haukufa. "Wametuibia," ananiambia kwa simu.

Manze, pole, lakini hapana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado naona hii hesabu. Hiyo tarehe ilikuwa kwenye sheria ya California tangu 2017! Na kabla yake kulikuwa na stika za njano za haibridi za kawaida, kina Prius, nazo zikakatwa 1 Julai 2011. Watu walikuwa wamenunua mitumba kwa bei ya juu juu ya hicho kikaratasi. Sasa wewe unalipia gari miaka mitano kwa sababu ya kitu cha miaka miwili, halafu unalia?

Lakini kinachoniuma zaidi ni leni yenyewe. Mimi ni mtu wa mathree ya watu 14 Thika Road, kwa hivyo niko upande wa waliobanana. Huko Los Angeles kuna njia ya El Monte, ilifunguliwa 1973 kwa ajili ya mabasi. Januari 2000 walilegeza masharti, gari la watu watatu likawa la wawili. Mabasi yakakwama. Kufika Julai wamerudisha watatu saa za msongamano. Yaani leni ni kitu kidogo, inajaa haraka, na wewe ukaingia na viti vinne vitupu ukiita hiyo mazingira.

Najua mtasema stika zilifanya watu wajaribu umeme. Sawa, kwa gari la betri tupu nakubali. Lakini kwa haibridi ya plagi, stika haikuuliza kama umechaji. Prius ya plagi ya 2012 ilihesabiwa kilomita 18 hivi za umeme, karibu town hadi Kahawa, baada ya hapo ni petroli tu.

Nikamuuliza: kwani wewe unachaji wapi? Kimya. Anakaa ghorofa ya kupanga, parking haina soketi. Miaka miwili anabeba betri kama mzigo wa mtu mwingine. Hilo ndilo swali la kwanza ungejiuliza, buda: soketi iko? Safari yako ya kila siku inaenea kwa betri? Kama ndiyo, gari linakulipa hata bila stika.

Na hiyo leni bado iko. Ana jirani wanafanya kazi mtaa mmoja, wakipanda wawili wanapita bure. Nikamwambia ambebe.

Akasema huyo jamaa anaongea sana asubuhi.