Nani Abebe Mzigo wa Mwanamichezo Anayeshindwa Masomo?

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi hawezi kuingia uwanjani kwa jina la chuo chake mpaka matokeo yake ya masomo yafikie kiwango kinachowekwa na Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo, kinachofahamika zaidi kwa kifupisho chake, NCAA. Kiwango hicho na taratibu zake ndivyo vinavyoitwa masharti ya ustahiki, na kwa zaidi ya miaka 40 vimezua ubishi usiokwisha: wapo wanaoyaona masharti hayo kuwa ngao ya mwanafunzi dhidi ya chuo kinachotaka miguu yake tu, na wapo wanaoyaona kuwa lango linalomfungia nje kijana maskini aliyetoka katika shule duni. Pande zote mbili zina hoja nzito. Hata hivyo, haki ya sharti la aina hii haipimwi kwa urefu wa kiwango peke yake. Hupimwa pia kwa kuuliza ni nani anayelipa pale kiwango kinapokosekana, na ni kitu gani hasa anachonyang'anywa.

Kwamba masharti yanahitajika, historia yenyewe inashuhudia. Kevin Ross, mchezaji wa mpira wa kikapu, alipokewa Chuo Kikuu cha Creighton, jimboni Nebraska, mwaka 1978, akiwa na alama 9 kati ya 36 katika mtihani wa ACT, mmojawapo wa mitihani miwili mikuu ya kujiunga na vyuo, ilhali wastani wa wanafunzi wenzake ulikuwa 23.2. Kwa mujibu wa madai aliyoyafikisha mahakamani baadaye, idara ya michezo ilimwelekeza kwenye kozi kama ulengaji shabaha na nadharia ya mpira wa kikapu, na alipoondoka mwaka 1982 alikuwa na krediti 96, yaani vipimo vya uzito wa kozi alizosoma, kati ya 128 zilizohitajika kwa shahada, huku uwezo wake wa kusoma ukiwa wa mtoto wa darasa la saba. Akapelekwa Chicago kujaza mapengo, akaketi darasa moja na watoto wa shule ya msingi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikataa kulitambua dai la ufundishaji mbovu, ikabakiza mwanya mwembamba wa dai la mkataba, iwapo ingethibitika kwamba chuo kilimwahidi msaada mahususi wa masomo kisha kikamnyima.

Ni aibu za namna hiyo zilizozaa Azimio la 48, lililopitishwa na NCAA mwaka 1983 na kuanza kutumika mwaka 1986. Azimio hilo lilimtaka anayeingia chuoni awe na wastani wa alama wa 2.0, kwa kipimo ambacho kilele chake ni 4.0, katika kozi 11 za msingi za sekondari, pamoja na alama 700 kati ya 1600 za mtihani wa SAT au 15 za ACT. Mwanasosholojia Harry Edwards, Mmarekani Mweusi aliyetetea haki za wanamichezo kwa miaka mingi, aliliunga mkono, kwa hoja kwamba kutomdai kijana Mweusi chochote darasani ni namna nyingine ya kumdharau. Viongozi wa vyuo vya kihistoria vya Weusi walilipinga, kwa kuwa alama za mitihani hiyo zilikuwa zikifuata kipato cha familia na ubora wa shule, mambo ambayo mtoto hakuyachagua. Edwards alikuwa akitazama heshima ya mwanafunzi na wapinzani wake wakitazama nafasi yake, na hakuna sera ya haki inayoweza kulitupa mojawapo la mawili hayo.

Azimio la 48 lilikuwa na busara moja ambayo haikusifiwa vya kutosha: aliyetimiza sehemu tu ya vigezo alizuiwa kucheza mwaka wa kwanza, lakini aliweza kupewa ufadhili na kuendelea kusoma. Azimio la 42, lililopitishwa Januari 1989, lilitaka kumnyang'anya hata ufadhili huo. Siku chache baadaye John Thompson, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alitoka uwanjani kabla ya mchezo dhidi ya Boston College kuanza, akipinga azimio hilo hadharani, na mwaka uliofuata lilirekebishwa. Thompson hakuwa akitetea uvivu. Kumzuia kucheza kijana aliye dhaifu kimasomo ni kumwongezea muda wa kusoma, ilhali kumfutia ufadhili ni kumwondolea darasa lenyewe, nalo ndilo tiba ya udhaifu unaolaumiwa.

Suala la mitihani lilichukua muda mrefu zaidi kutatuliwa. Azimio la 16, lililoanza kutumika mwaka 1996, lilimtaka hata mwenye wastani mzuri apate angalau alama 820 za SAT, na wanariadha Weusi wa Philadelphia waliofanya vizuri katika sekondari yao wakakwama hapo. Mahakama ya shirikisho iliwapa ushindi Machi 1999, lakini mahakama ya rufaa ikautengua Desemba mwaka huohuo, kwa hoja ya kisheria kwamba NCAA haikufungwa na sheria waliyoitumia. Kilichoshindwa mahakamani kilikuja kushinda polepole nje yake: kuanzia mwaka 2003 wastani mzuri wa darasani uliruhusiwa kufidia mtihani duni, na mwaka 2023 sharti la mitihani hiyo likaondolewa kabisa.

Akishaingia chuoni, mwanamichezo wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya mashindano hayo, hukabiliwa na kanuni ya 40, 60 na 80: amalize asilimia 40 ya shahada yake kufikia mwisho wa mwaka wa pili, 60 wa tatu na 80 wa nne. Lengo lake ni jema, kwa kuwa linazuia krediti zisizoelekea popote kama zile za Ross. Lakini anayegundua katika mwaka wa pili kwamba fani aliyoichagua haimfai hulazimika kuchagua kati ya kuibadili na kucheza, na mshauri anayelipwa na idara ya michezo hushawishika kumsukuma kwenye fani nyepesi. Zaidi ya hayo, kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, kilichowekwa mwaka 1991, hakihesabu safari wala mazoezi yanayoitwa ya hiari. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo chuo kinavyoupima mzigo wa mchezaji wake.

Kanuni isiyoambatana na ufundishaji huzaa udanganyifu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, kwa miaka 18, zaidi ya wanafunzi 3,100, karibu nusu yao wanamichezo, walipita katika madarasa yasiyo na mafunzo ya kweli. Mwaka 2017 NCAA iliamua kwamba haiwezi kukiadhibu chuo hicho kwa madarasa hayo, kwa sababu yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Mwanafunzi anayekosa wastani kwa sehemu ndogo ya alama husimamishwa mara moja, lakini chuo kilichomnyima elimu kwa miaka kilipata pa kujificha.

Hoja hii inawagusa pia wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa tangu zama za Henry Rono katika chuo cha Washington State na Suleiman Nyambui katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, vijana wa Kenya na Tanzania wamefuata elimu Marekani kwa mbio, na vyeti vyao hupitia lango hilohilo.

Masharti ya haki, basi, yanapaswa kubaki imara lakini yagawe gharama upya. Anayeshindwa apumzishwe mashindano bila kuguswa ufadhili wake, saa alizokuwa akizitoa mazoezini zigeuzwe saa za mwalimu, na chuo kilichompokea kikijua udhaifu wake kiwajibike kumfikisha mwisho hata baada ya miguu yake kuchoka. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Daraja la Kwanza vinatakiwa kugharimia umaliziaji wa shahada kwa waliokuwa na ufadhili kamili, hadi miaka 10 baada ya kuacha kucheza. Hiyo ni hatua njema, ijapokuwa imechelewa sana kwa kijana aliyeondoka Creighton akidai krediti 32, ambazo chuo kilikuwa na miaka minne ya kumwezesha kuzipata.