Akisomea kuigiza ndiyo atapotea?

Nina neno, na leo sitalimeza.

Msichana wa Endasak, kule Hanang, aliyezoea maigizo ya shuleni, akisema sasa anataka kusomea kuigiza mbele ya kamera, watu wanamjia juu: uhuni! Na sisi wa visiwani tumo. Sisi hawa hawa ambao tamthilia ikianza, simu hatupokei.

Hatari iko kwenye kutosoma. Asiyefundishwa humwamini kila anayejiita dairekta, hata anayemwita gesti usiku eti "kumjaribu". Chuo cha Bagamoyo, siku hizi TaSUBa, kilianzishwa 1981 na kinafundisha sanaa mchana kweupe.

Na cha kufundishwa kipo. Jukwaani sauti lazima ifike benchi la nyuma. Kwenye kamera kupepesa jicho kunatosha. Kilio cha mwisho wa filamu huweza kurekodiwa kabla ya harusi ya mwanzo, na kamera ikihamishwa, mtu alie tena vilevile. Uzuri wa sura hausaidii hapo.

Hoja ya staha naikubali. Basi afundishwe pia kusoma mkataba, na kukataa asichokitaka kabla hajasaini.

Nawe bibi harusi mtarajiwa mwenye ndoto hiyo, mwambie mchumba mapema, walii akisikia. Usingoje fungate.